Mtoto Akifunga Choo: Jinsi ya Kumsaidia Mpaka Aache Kuogopa

Mwanangu wa pili alikuwa ametimiza miaka mitatu na miezi miwili alipoanza kujificha nyuma ya mlango wa chumbani. Nilikuwa namkuta amesimama kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha, mikono miwili imeng'ang'ania kitasa, uso umeiva, jasho limemtanda puani. Nachuchumaa mbele yake namhimiza: "Sukuma baba, sukuma, kitatoka." Nilifanya hivyo karibu mwezi mzima.

Kumbe hakuwa anasukuma. Alikuwa anabana.

Nililijua hilo siku daktari wa watoto aliponiuliza swali moja: "Akiwa kwenye hali hiyo, magoti anayakunja au anayanyoosha?" Anayanyoosha. Mtoto anayesukuma hujikunja au huchuchumaa. Anayebana hujinyoosha kama mlingoti wa ngalawa. Tangu siku hiyo nimewatazama watoto wengi wa majirani hapa Igogo, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, na nimewaona mama zao wakiwahimiza "sukuma" kama mimi, huku mtoto anafanya kinyume chake kwa nguvu zake zote. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao. Kwa watoto walio wengi choo kigumu kinaanza tumboni, lakini kinachokifanya kikae miezi na miezi ni hofu, na hofu ya mtoto haiondoki kwa papai la siku mbili.

Kinachotokea ndani

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Kinyesi kikikaa humo kwa muda wa kawaida hutoka laini. Kikikaa siku nne au tano kinakauka, kinakuwa kama gunzi la mahindi, na kikipita kinachana ngozi. Mtoto wa miaka miwili mitatu hana hesabu ndefu: choo kinauma, basi sitoi choo. Haja ikimjia anabana, baada ya dakika chache ile haja inapita, na yeye anaona ameshinda. Kesho yake kilichobaki ndani kimeongezeka na kimekauka zaidi. Kitakapotoka kitauma kuliko cha jana, na hofu yake itakuwa imepata ushahidi.

Hali hii ikiendelea, puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, inatanuka. Puru iliyotanuka inapoteza hisia, kwa hiyo mtoto hasikii tena kwamba amejaa. Kinyesi cha majimaji kutoka juu kinapenya pembeni ya lile donge gumu na kuchafua chupi bila yeye kujua. Hapo ndipo wazazi wengi tunapopotea njia. Mimi nilidhani mwanangu anaharisha. Chupi nne kwa siku, madoa ya kahawia, harufu kali. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa dawa ya kuzuia kuhara. Sikuulizwa mara ya mwisho alipata choo cha kawaida lini, na mimi sikusema. Dawa ile ilimfunga zaidi. Mtoto ambaye tayari alikuwa anajificha akaongezewa siku sita.

Kwa hiyo shika hili: mtoto anayechafua chupi kidogo kidogo kila siku, na ambaye hujaona choo chake kamili kwa siku nyingi, huenda hana ugonjwa wa kuhara kabisa. Na usimchape. Hana uwezo wa kuzuia kitu ambacho hakihisi.

Je, kweli amefunga choo?

Siku peke yake hazitoshi kukuambia. Mtoto anayepata choo mara moja kwa siku mbili, kikiwa laini na hakimuumizi, hana tatizo. Mwingine anapata kila siku lakini ni vidonge vikavu kama vya mbuzi, naye analia. Huyo amefunga choo. Daktari atakuuliza kuhusu mambo haya: anapata choo mara mbili au pungufu kwa wiki, choo ni kigumu au kinamuuma, choo ni kinene kuliko umri wake, anabana, au anachafua chupi akiwa tayari ameshajua choo. Mawili au zaidi ya hayo yakidumu mwezi mmoja kwa mtoto mdogo, jina lake ni kufunga choo, na tiba inahitajika. Lakini usisubiri mwezi uishe ndipo uanze kurekebisha chakula na maji.

Kwa kutazama kinyesi chenyewe, sisi nyumbani tulikuwa na majina matatu. "Mbuzi" ni vile vidonge. "Gunzi" ni kile kinene chenye mabonge na nyufa. "Ndizi" ni kile laini, kirefu, kinachotoka bila kelele. Tunataka ndizi, na wakati wa matibabu hata uji mzito unakubalika.

Watoto wachanga wana mambo yao. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku saba au zaidi bila choo, na kikitoka kikiwa laini wala hakuna shida. Maziwa ya mama huacha mabaki machache. Mwingine wa miezi miwili mitatu anakunja uso, anakuwa mwekundu, analia dakika kumi nzima, halafu anatoa choo laini kabisa. Huyo bado anajifunza kulegeza nyuma wakati anakaza tumbo. Atajifunza mwenyewe. Usimwingize kitu chochote nyuma kumsaidia, na usimpe maji, kwa sababu kabla ya miezi sita hahitaji hata tone la maji. Maziwa ya mama yanamtosha hata kwenye joto la Oktoba.

Vipindi vitatu ndivyo vinavyoanzisha tatizo mara nyingi: anapoanza kula akiwa na miezi sita, anapofundishwa kwenda chooni, na anapoanza shule. Homa iliyomkausha maji nayo inaweza kuwa mwanzo, na pia dawa ya kuongeza damu kwa baadhi ya watoto. Kama mwanao amepewa dawa ya damu na choo kikawa kigumu, usiiache kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia, kwa sababu upungufu wa damu ni hatari kuliko choo.

Kabla ya kuanza chochote: nani asitibiwe nyumbani

Zaidi ya watoto 9 katika 10 wanaofunga choo hawana ugonjwa mwingine nyuma yake. Huyo mmoja aliyebaki ndiye ninayemwogopea, kwa hiyo tafadhali soma sehemu hii polepole.

Mpeleke hospitali leo hii, usiku kama ni usiku, ikiwa anatapika matapishi ya kijani, tumbo limevimba na kukaza, hatoi choo wala hewa, au ana homa na amelegea. Pia kama mtoto wa kati ya miezi mitatu na miaka mitatu ghafla analia kwa vipindi, anakunja magoti tumboni, anatulia, analia tena, na choo kinatoka na damu yenye ute kama jeli. Huenda utumbo umeingia ndani ya sehemu nyingine ya utumbo, na hapo saa zinahesabika.

Mpeleke ndani ya siku chache kama shida ilianza tangu wiki zake za kwanza duniani. Kama alichelewa kutoa kile choo cheusi cha kwanza zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa. Kama choo chake ni chembamba kama utepe. Kama uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Kama miguu ni dhaifu, au chini ya mgongo kuna kishimo au kishungi cha nywele. Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao, Hirschsprung, ambao sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva za kuusukuma. Hautibiki kwa matunda, unatibiwa kwa upasuaji. Zahanati itakupa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Beba kadi ya kliniki, kwa sababu mstari wa uzito unamwambia daktari mambo ambayo wewe umeyasahau.

Neno moja kuhusu damu. Mstari mwembamba wa damu nyekundu juu ya choo kigumu kwa kawaida unatokana na mchaniko wa ngozi nyuma, wala si bawasiri kama wengi tunavyodhani. Lakini sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna sababu nyingine ya kutazama damu: kichocho cha tumbo kimeenea ukanda huu, na kinawapata hata watoto ambao hawajafika umri wa shule, wale tunaowaogeshea ufukweni au kwa maji ya ziwa yaliyochotwa asubuhi hiyo hiyo. Damu iliyochanganyika na choo laini, au inayorudi rudi wakati choo si kigumu, omba apimwe choo. Dawa ipo, prazikwanteli, na hutolewa kwa uzito.

Minyoo nayo: kuanzia miezi 12 mtoto hupewa dawa ya minyoo kila miezi sita, na vituo vya afya huitoa pamoja na matone ya vitamini A kila Juni na Desemba. Kama amekosa, mpeleke.

Hatua ya kwanza: kuondoa mzigo uliopo

Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu kuliko pote. Nilimlisha papai asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na hakikutoka kitu cha maana. Kama ndani kuna donge lililokwama, chakula kipya chenye nyuzinyuzi kinarundikana nyuma yake tu, na tumbo linazidi kujaa. Donge litoke kwanza.

Utajuaje lipo? Anachafua chupi, hamu ya kula imeshuka, au ukimlaza chali na kupapasa polepole chini ya kitovu, mara nyingi upande wa kushoto, unasikia kitu kigumu kama kiazi. Daktari au tabibu athibitishe. Dawa inayopendekezwa zaidi duniani kwa kazi hii ni unga wa makrogoli, unaochanganywa na maji au juisi. Kiwango chake cha kuondoa mzigo ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku tatu hadi sita. Mtoto wa kilo 14, kwa mfano, anaangukia kati ya gramu 14 na 21 kwa siku. Ni kiwango kikubwa, kwa hiyo kitolewe kwa maelekezo ya daktari. Unga huu usipopatikana, daktari ataamua kati ya dawa ya maji ya kumeza na ile ya kuingizwa kwa nyuma. Hii ya pili ifanyike kituoni.

Siku hizo kaa nyumbani. Kutakuwa na uchafu, kutakuwa na tumbo kunguruma, na siku ya pili utadhani umeharibu kila kitu kwa sababu chupi zitachafuka kuliko mwanzo. Endelea. Mwanangu alianza Ijumaa jioni. Jumapili saa kumi alasiri kikatoka kitu ambacho sikuamini kilikuwa kimekaa ndani ya mwili mdogo kiasi kile. Alilia, halafu akalala saa tatu mfululizo. Alipoamka aliomba ugali. Alikuwa hajaomba chakula kwa wiki mbili.

Ngozi ya nyuma ikiwa imechanika, mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara mbili kwa siku, kisha mpake mafuta ya mgando kidogo pale nje kabla ya kwenda chooni. Inapunguza msuguano na maumivu, na maumivu ndiyo tunayopigana nayo.

Hatua ya pili: dawa ya kila siku, na kwa nini usiikatishe

Mzigo ukishatoka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Puru iliyotanuka inachukua wiki na miezi kurudi, na mtoto bado anakumbuka. Anahitaji choo laini leo, kesho, mtondo, mara hamsini, mara mia, mpaka ile kumbukumbu ya maumivu ipoteze nguvu. Ndiyo maana dawa ya kulainisha hutolewa kila siku kwa angalau miezi miwili, na haipunguzwi mpaka mtoto amemaliza mwezi mzima bila shida yoyote. Kwetu ilichukua miezi minane.

Dawa iliyo rahisi kuelekezwa ni laktulosi, ile ya maji mazito matamu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne kiwango cha kawaida ni ml 2.5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Unaanza chini na kupandisha mpaka upate "ndizi". Inafanya kazi baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo usimwongezee kila saa ukidhani imeshindwa. Wiki ya kwanza atajamba sana na tumbo linaweza kujaa hewa, hupungua. Aliye chini ya mwaka mmoja asianzishiwe na wewe, akaonwe kwanza. Makrogoli nayo hutumika kila siku kwa kiwango kidogo kuliko kile cha kuondoa mzigo.

Majirani watakuambia utumbo utazoea, kwamba mtoto hataweza tena kupata choo bila dawa. Hofu hii nimeisikia mara nyingi sana, na imewaponza watoto wengi, kwa sababu mama anaacha dawa wiki ya pili, mara tu choo kinapolainika. Dawa hizi mbili hazikamui utumbo. Zinashikilia maji ndani ya kinyesi, basi. Kinachoharibu utumbo ni kukaa umejaa.

Nunua daftari la kurasa 32. Kila jioni andika mstari mmoja: tarehe, ml ngapi, choo cha aina gani, alilia au hakulia. La kwetu linaanza hivi: "J3, ml 5+5, hakuna. J4, ml 5+5, mbuzi, alilia. J5, ml 7+7, gunzi, alilia kidogo. Alh, ml 7+7, ndizi, aliniita nikaone." Daktari alilisoma kwa dakika moja akajua afanye nini. Bila daftari utamjibu "anapata, anakosa," na hatapata cha kushika.

Hatua ya tatu: kikao cha dakika tano

Utumbo huamka baada ya chakula. Kati ya dakika 15 na 30 baada ya uji wa asubuhi na baada ya chakula cha jioni, mkalishe. Dakika tano zinatosha, kumi ndiyo mwisho. Hata asipotoa kitu, msifu kwa kukaa, kwa sababu kukaa ndicho anachoweza kukiamua. Zawadi iwe ndogo na ya papo hapo: kwetu ilikuwa nyota ya kalamu nyekundu kwenye lile daftari, naye alizihesabu kama anahesabu hela.

Anakaa wapi? Swali hili ni zito kwa sisi tunaoishi juu ya mawe. Choo chetu kiko nje, unashuka ngazi saba za mwamba, ndani giza, tundu linatisha hata mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu anaona shimo atakalotumbukia. Usimlazimishe huko. Poti ya plastiki inauzwa kwenye meza za wamachinga mjini, na ukikosa, ndoo ndogo fupi yenye mdomo mpana inafaa. Iweke mahali penye mwanga ambapo anakuona. Miguu ikanyage chini imara, magoti yawe juu kidogo kuliko nyonga. Kama ni choo cha kukaa cha watu wazima, weka kigoda chini ya miguu. Miguu ikining'inia misuli ya nyuma hailegei. Kuchuchumaa kwa asili yetu ni mkao mzuri sana, ila shimo liwe dogo na ashikwe mkono.

Kisha mpe kazi ya pumzi. Apulize puto, au apulize kiganja chako kama anazima mshumaa. Anayepuliza hawezi kubana vizuri. Na neno "sukuma" lifute kabisa mdomoni mwako, sema "legeza."

Kama bado anavaa nepi na anajificha ili atoe choo humo, mwache na nepi yake. Ondoa mafunzo ya choo kwa miezi miwili mitatu mpaka choo kilainike. Hakuna mtoto aliyeoa akiwa na nepi.

Chakula na maji, kwa vyakula vya hapa kwetu

Nimekiweka chakula hapa chini kwa makusudi. Chakula ni ulinzi. Kwa mtoto ambaye tayari anabana, chakula peke yake hakitoshi. Lakini bila chakula dawa haitaachika.

Tazama sahani ya siku moja ya mtoto wa mjini: asubuhi chai ya maziwa na maandazi, mchana ugali wa sembe na dagaa, alasiri biskuti, jioni wali na sato. Ni chakula kizuri kwa protini. Dagaa na samaki ni baraka ya ziwa hili na usiwapunguze, lakini hawana nyuzinyuzi hata chembe, na sembe imekobolewa ikabaki nyeupe tupu. Badilisha unga uwe dona. Kama anagoma, changanya nusu kwa nusu kwa wiki mbili. Kando ya samaki weka matembele, mchicha, majani ya kunde au mlenda. Mlenda watoto wadogo wanaupenda kwa sababu unateleza, na ugali unashuka. Maharage na choroko zilizopikwa mpaka zikalainika, mara tatu nne kwa wiki. Michembe na matobolwa ambayo wazee wetu wa Kisukuma walikausha kwa ajili ya kiangazi ni viazi vitamu, na viazi vitamu vina nyuzinyuzi nyingi kuliko maandazi; loweka, chemsha, mpe alasiri badala ya biskuti, pamoja na maji ya kunywa.

Matunda: papai lililoiva kipande cha ukubwa wa kiganja chake, embe, parachichi, machungwa. Chungwa, yakiwemo yale matamu yanayovushwa kutoka Ukerewe, alile na nyama yake. Ukilikamua ukachuja umemwaga kile ulichokuwa unakitafuta. Ndizi mbivu haina ubaya. Ndizi mbichi na mapera mabichi, subiri kwanza.

Kwa anayeanza kula akiwa na miezi sita, shida mara nyingi ni uji wa sembe mtupu, mzito, mara tatu kwa siku. Uwe wa unga usiokobolewa, ongeza papai au parachichi lililopondwa tangu wiki ya kwanza, na aendelee kunyonya. Anayetumia maziwa ya kopo, pima maji kwanza, kisha kijiko kilichosawazishwa juu. Kijiko cha kilima hukausha choo.

Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Baada ya hapo, nusu lita kwa siku inatosha. Anayekunywa lita nzima hana njaa ya mboga wala maharage. Wapo wachache ambao maziwa yenyewe ndiyo yanawafunga. Daktari anaweza kukuelekeza uyaondoe wiki mbili hadi nne na kutazama.

Vinywaji vyote kwa siku, maji na maziwa pamoja, vifike karibu ml 900 kwa wa mwaka mmoja hadi mitatu, na lita 1.2 kwa wa minne hadi minane. Ili usikisie, jaza chupa ya nusu lita asubuhi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, iwe ya kwake, imalizike mchana. Kumpa maji mengi kupita hapo hakuongezi ulaini, anakojoa tu.

Mambo ya kuacha, na namna ya kumwambia bibi

Mama mkwe alivuka na pantoni ya Busisi kuja kumwona mjukuu, wakati huo daraja bado linajengwa, na mkobani alikuwa na mizizi. "Mwanangu, hili ni chango," akaniambia. "Nichemshie maji nimpige bomba kwa nyuma, kesho utaniambia." Yeye alilea watoto saba kwa njia hiyo, na hakuwa na nia nyingine zaidi ya upendo. Nikamjibu, "Mama, nimekusikia. Daktari ameona ndani kumechanika, tukiingiza kitu atatuogopa sisi wote. Nisaidie kukaa naye, hadithi zako anazipenda." Alinyamaza kidogo, akaweka mizizi pembeni. Asubuhi zote kumi alizokaa kwetu, kikao cha baada ya uji kilikuwa chake, na sungura na fisi walimkalisha mtoto kuliko nyota zangu.

Bomba la mitishamba kwa mtoto mdogo linaweza kuunguza utumbo na kuingiza sumu moja kwa moja kwenye damu. Kipande cha sabuni, kijiti chenye mafuta, kidole: vyote vinachubua, na vinamfundisha mtoto kwamba nyuma ni mahali pa kuumizwa. Mafuta ya nyonyo yanakamua tumbo kwa maumivu na yakimpalia yanaingia mapafuni. Asali haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja. Vidonge vya watu wazima vya kufungua choo usivikate nusu ukampa.

Kwa mtoto mchanga anayehangaika, kuna njia ya upole ambayo bibi na daktari wanakubaliana: mlaze chali, mkunje miguu kama anaendesha baiskeli, na umpapase tumbo kwa kiganja chenye mafuta kidogo, ukizunguka mwelekeo wa mishale ya saa.

Kupunguza dawa, na shule

Daftari likionyesha mwezi mzima wa "ndizi", hakuna kulia, hakuna kubana, anza kushusha. Sisi tulipunguza ml 1 kwa kila dozi kila baada ya wiki mbili. Choo kikirudi kuwa "gunzi" siku mbili mfululizo, panda tena mpaka kiwango cha mwisho kilichofaa, kaa hapo mwezi mmoja, halafu jaribu upya. Kurudi nyuma mara moja mbili ni jambo la kawaida na si kosa la mtu.

Shule itakujaribu. Kiwango kilichowekwa nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini mtoto wa awali hajali hesabu. Anaangalia kama kuna mlango, kama kuna maji, kama wakubwa wanamchungulia. Asiporidhika atabana kuanzia saa mbili mpaka arudi. Nenda mwenyewe ukakione choo hicho. Mwambie mwalimu, faragha, kwamba mwanao aruhusiwe kutoka bila kuomba mbele ya darasa, na mpe chupi ya akiba kwenye begi. Uji wa asubuhi uwe nusu saa mapema ili kikao kifanyike nyumbani, hata kama ni kumwamsha saa kumi na moja na nusu.

Wangu tulimpunguzia dawa likizo ya Desemba. Januari, wiki ya pili ya masomo, nikamkuta tena nyuma ya mlango, magoti yamenyooka. Chupa ya laktulosi ilikuwa bado kabatini. Nikampa ml 5 jioni ile, nikaketi sakafuni nikamnyooshea kiganja changu apulize.